Kabla ulete Friesian Busia, sikiza hii

Najua umeona Friesian wa lita 30 kwa simu ukaanza kupiga hesabu. Tulia kwanza. Busia hadi Malaba kuna joto na mbung'o wanaoeneza nagana. Friesian halisi akiugua huku, utauza hiyo simu ulipe daktari wa mifugo.

Zebu wa nyanyako hutoa maziwa kidogo lakini ni mgumu. Mpandishe kwa mbegu ya Jersey. Jersey ana mwili mdogo, kwa hivyo zebu hatateseka kuzaa. Utapata mtamba nusu kwa nusu.

Wengi huharibu hapo mbele: wanaongeza damu ya kigeni kila kizazi, ugumu unaisha. Na andika namba ya fahali iliyo kwenye mrija wa mbegu, usije ukampandisha mtamba na babake.