Kabla Hujaomba Kuongezewa Mkopo



Swali hili husikika sana mikutanoni: "Mbona simu yangu inanipa mkopo wa shilingi 500 tu, na jirani yangu anapata 10,000? Nifanye nini niongezewe?" Hebu tulitazame pamoja.

KIKOMO NI NINI?

Kikomo, au "limiti" kama wengi tusemavyo, ni kiasi cha juu kabisa ambacho mkopeshaji yuko tayari kukuamini nacho. Siyo zawadi, wala siyo pesa yako. Jambo hili si geni kwetu. Vikundi vingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na mwenye kuchelewesha hupewa kidogo. Lakini kikundi kinakujua wewe na shamba lako. Mkopeshaji wa simu hakujui. Yeye anasoma kumbukumbu tu: pesa inayoingia na kutoka, akiba yako, na jinsi ulivyolipa madeni ya nyuma.

MAMBO YANAYOPANDISHA KIKOMO

1. Kopa kidogo, lipa kabla ya siku. Dawa ya deni ni kulipa. Ukichelewa, kikomo chaweza kushushwa hata kufungwa.

2. Weka akiba mara kwa mara, hata kama ni shilingi 50.

3. Tumia laini iliyoandikishwa kwa jina lako. Pesa ya maziwa ikiingia kwa simu ya kijana wako, sifa ni yake, siyo yako.

4. Angalia jina lako CRB, yaani ofisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji. Unayo haki ya kupata ripoti moja bure kila mwaka. Ukikuta deni ulilomaliza bado limeandikwa, peleka malalamiko pamoja na risiti ili lisahihishwe.

JIHADHARI NA MATAPELI

Kuna wanaopiga simu wakisema, "Tuma shilingi 300 tukupandishie limiti," au wanaomba namba yako ya siri. Huo ni wizi. Kikomo hakinunuliwi, na hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji namba yako ya siri. Wakumbusheni hasa wazee wetu.

TUPIGE HESABU KWANZA

Mkopo wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukichukua 2,000, unarudisha 2,150. Shilingi 150 yaonekana kidogo, siyo? Lakini ukikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa ada ya shilingi 1,800 kwa ajili ya zile 2,000. Sasa fikiria kikomo kimefika 20,000: ada inakuwa 18,000. Hiyo ni karo ya mtu.

Mfuko wa Hustler uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 uliwekewa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, mkopo wa mtu mmoja ukianzia 500 hadi 50,000, wa kulipwa kwa siku 14. Riba ya shilingi 1,000 kwa siku hizo ni kama shilingi 3 tu. Asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba, kwa hiyo mkononi unapata 950. Hapa pia, anayelipa vizuri ndiye anayeongezewa. Juni 2023 ukaanzishwa mkopo wa vikundi.

Basi kabla ya kutafuta nyongeza, jiulize: pesa hii itazaa? Mama anayenunua gunia la viazi leo na kulimaliza sokoni kabla ya wiki mbili anaweza kulipa. Anayekopa kununua unga, kesho atakopa tena kulipa deni la jana. Huyo hahitaji kikomo kikubwa. Anahitaji kikundi kikae naye wapange matumizi, na pengine apewe mkopo wa kikundi ambao riba yake inabaki hapa kwetu.

Kikomo kikipanda, hulazimiki kukimaliza.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni wangapi kati yetu wana deni la simu? Tulikopea nini?
2. Mikopo ya kikundi chetu ni nafuu kuliko ya simu? Pigeni hesabu ubaoni.
3. Tutamsaidiaje mwenzetu aliyezama katika madeni bila kumwaibisha?