Daftari la muuguzi: somo la Kirehe na Kayonza

Watu wa sokoni wana msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara anayevuka Rusumo na magunia yake ya maharage haambiwi maana yake. Asipoandika nani kachukua nini kwa mkopo, mtaji unayeyuka huku akiangalia. Lakini anajua pia kwamba daftari lililojaa lisilosomwa ni karatasi tu. Lazima jioni mtu akae, ajumlishe, aone pesa inavujia wapi, na kesho yake abadili mwenendo.

Katika vituo vya afya mambo ni hayo hayo, ila kinachovuja huko ni maisha ya watu, hasa watoto.

Vituo vya afya vya vijijini nchini Rwanda viko mikononi mwa wauguzi. Daktari yuko hospitali ya wilaya. Kituoni anayepokea mgonjwa, anayempima, anayemwandikia dawa, na mara nyingi anayekiongoza kituo chenyewe, ni muuguzi. Ndiye pia anayejaza madaftari: la wagonjwa wa nje, la chanjo, la wajawazito, la dawa. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kupelekwa juu. Tangu mwaka 2012 ripoti hizo hupitia mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao majirani zetu Tanzania, Uganda na Kenya nao wanautumia.

Tarakimu basi zinapanda hadi Kigali. Swali ni kama zinarudi kwenye chumba cha muuguzi zikiwa na faida kwa mgonjwa.

Chukua mfano wa mtoto mwenye homa. Daftari litaonyesha kwamba aliandikiwa dawa ya malaria. Halitaonyesha kama muuguzi alimfunua kifua na kumhesabia pumzi. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtoto wa malaria na mtoto wa nimonia, ile homa ya mapafu, huweza kuletwa na mama zao wakiwa na hali inayofanana: homa, unyonge, kukataa chakula. Ukitibu ugonjwa mmoja na kuuacha mwingine, mtoto anarudi nyumbani na kifo chake.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliweka utaratibu maalumu wa kumhudumia mtoto mgonjwa, unaojulikana kwa kifupi kama IMCI. Kwanza muuguzi atafute dalili za hatari: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea au hana fahamu. Kisha, akiwa na kikohozi au anapumua kwa shida, amhesabie pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno; kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi.

Utaratibu huo ulifundishwa darasani na vyeti vikatolewa. Lakini je, ulifuatwa? Mwishoni mwa mwaka 2010 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la Partners In Health, ambalo Wanyarwanda wanalijua kwa jina la Inshuti Mu Buzima, ilianza mpango uitwao MESH katika Wilaya ya Kirehe na kusini mwa Kayonza. Wauguzi wenye uzoefu walifanywa walezi wa wenzao. Mlezi hakuja kukagua madaftari na kuondoka. Aliketi chumbani na muuguzi, akamtazama akihudumia mtoto, akaweka alama kwenye orodha: hili limefanyika, hili halikufanyika. Baadaye walizungumza wawili, na dosari ikasahihishwa papo hapo. Alama hizo ziliingizwa kwenye kompyuta, zikawarudia wauguzi na viongozi wao ili wajue pa kurekebisha.

Matokeo ya vituo 21 yalichapishwa mwaka 2015. Mwanzoni, watoto waliotazamwa dalili zote za hatari walikuwa kama asilimia 2 tu. Baada ya mpango kufanya kazi, walifika karibu asilimia 85. Waliotambuliwa ugonjwa wao kwa usahihi walipanda kutoka asilimia 56 hadi zaidi ya 91. Wauguzi ni wale wale wa vijijini, na foleni ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alihesabu jambo linalomgusa mtoto moja kwa moja, akamrudishia muuguzi hesabu hiyo kama ndugu, si kama polisi.

Jambo hili si geni katika uuguzi. Florence Nightingale, baada ya vita vya Crimea, alikusanya takwimu za vifo vya askari wa Uingereza, na mwaka 1858 akachora mchoro ulioonyesha wakubwa kwamba maradhi yaliua wengi kuliko majeraha ya vita. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika Chama cha Takwimu cha Uingereza.

Hata hivyo, tarakimu zina hila zake. Kiongozi akizitumia kuwaumbua walio chini yake, watajaza daftari kwa kumpendeza, na mtoto hatapata lolote. Tena madaftari yakizidi, muuguzi mmoja mwenye foleni ndefu atachagua kati ya kuandika na kutibu. Kiongozi mwerevu huchagua machache ya kuhesabu, na huyahesabu ili asaidie.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa mipakani. Daftari la kituo halivuki mto Akagera. Mwaka 2013, Wanyarwanda kwa maelfu waliingia Rusumo kutoka Tanzania, na wengi wao wakapokewa katika kambi ya Kiyanzi, Kirehe. Anayeondoka kwa haraka hubeba mtoto na sufuria. Kadi ya kliniki husahaulika. Mfanyabiashara naye huugua Ngara, akatibiwa huko, kisha akarudi na nusu ya dozi mfukoni. Kwa muuguzi wa upande huu mtu huyo ni mgeni, na katika orodha ya upande ule ni mtu aliyepotea.

Upungufu huo sisi wenyewe tunaweza kuuziba kwa kiasi fulani. Kadi ya chanjo ya mtoto na kijitabu cha kliniki viwekwe pamoja na kitambulisho na karatasi za mpakani, visibaki uvunguni mwa kitanda. Tumia jina lile lile kila kituo. Ukiitwa Mama Asha huku na jina la ubatizo kule, kompyuta itakuona watu wawili. Kama unatumia dawa za kila siku, iwe za virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, kisukari au presha, mwambie muuguzi kabla ya safari ndefu, akupe za kutosha na karatasi inayoeleza unatumia nini. Na ukimpeleka mtoto mwenye homa na kikohozi, usione haya kuuliza kwa adabu: “Muuguzi, umemhesabia pumzi?” Anayeijua kazi yake hatachukia.