MTOTO WAKO ANAPOENDA UNIVERSITE

Mama, hapa kliniki tunakuuliza habari za mtoto wa maziwa. Amepimwa kilo? Amechomwa sindano zote? Lakini mara nyingi, ukiisha kumfunga mdogo mgongoni, unasimama mlangoni na kutuuliza habari ya yule mkubwa: «Mutoto yangu iko masomo Kindu. Akigonjwa, nani atamuangalia kule?» Swali hilo ni jema, na leo tunalijibu.

Kutoka Lokandu watoto wetu wanakwenda pande mbili. Wengine wanapanda mto mpaka Kindu, kwenye Universite ya Kindu au shule zingine kubwa za pale. Wengine wanashuka mpaka Ubundu, halafu wanashika njia ya Kisangani. Universite ya Kisangani ilianzishwa mwaka 1963 na Waprotestanti. Mwaka 1971 ikaunganishwa na zile za Kinshasa na Lubumbashi kuwa universite moja ya Zaire nzima, na mwaka 1981 ikasimama tena peke yake. Labda baba yako anakumbuka nyakati zile. Atakuambia serikali ilitoa bursa, na mwanafunzi alikula kwenye restora ya universite. Usimtume mtoto kwa kutegemea habari hizo. Leo mzazi ndiye analipa, na watoto wengi wanapanga chumba mtaani, wawili au watatu pamoja, wakijipikia kwa makala.

Msaada upo bado, lakini haumfuati mtoto chumbani. Yeye mwenyewe lazima ajue mlango wake, tena aujue akiwa mzima. Mtu mwenye homa ya digrii 40 hatafuti ofisi.

Tuchukue mfano. Kijana anaamka na homa, kichwa kinamgonga. Wenzake wamekwenda kwenye mtihani. Ananunua vidonge viwili kwa muuza dawa wa njiani, analala. Siku ya pili anasema ni uchovu. Siku ya tatu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na hapo ndipo majirani wanamkimbiza hospitali kwa pikipiki. Malaria haingoji siku tatu. Homa ikianza, apimwe damu siku ile ile, ao kesho yake asubuhi. Kindu kuna Hospitali Kuu na vituo vya afya mitaani. Kisangani kuna Kliniki za Universite. Mwambie mtoto, wiki ya kwanza akifika, atembee kwa miguu mpaka kituo kilicho karibu na chumba chake, aulize wanafungua saa ngapi, na kujiandikisha kunalipwa bei gani. Feza ya matibabu iwe mbali na feza ya chakula. Tunajua feza ni ngumu, lakini ile ndogo iliyowekwa pembeni ndiyo inaokoa usiku.

Tena, darasani kwao kuna mwanafunzi mmoja wanayemuita shefu wa promosio. Yeye ndiye anapeleka maneno ya wanafunzi kwa waalimu. Mgonjwa amtumie habari upesi, na akitoka kwa munganga achukue karatasi yenye tarehe na kuipeleka kwenye ofisi ya kitivo chake. Wengine wanaficha ugonjwa kwa haya, halafu wanahesabiwa kama watoro.

Sasa tuseme na mama mwenye mtoto wa SS. Wewe ulimlinda miaka yote: ulimkumbusha maji, ulimfunika wakati wa baridi. Kule hakuna wa kumkumbusha. Kukesha na vitabu, kusahau kunywa maji, kunyeshewa na mvua, malaria: hayo yote yanaweza kuamsha maumivu ya mifupa. Asifiche SS yake. Mwenzake wa chumba ajue, shefu wa promosio ajue, munganga wa kituo ajue. Vidonge vyake vya asidi foliki aendelee kumeza. Akipata homa, ao maumivu ya kifua, ao macho yakawa manjano sana, aende hospitali saa ile ile, hata kama ni katikati ya mtihani.

Kuna jambo lingine, na wamama wanalisema kwa sauti ya chini. Msichana anaambiwa na mwalimu: «Kama unataka pointi, kuja nyumbani kwangu.» Usimwambie binti yako kwamba ni yeye amevaa vibaya. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 ya nchi yetu inaita jambo hilo kosa na inalitolea azabu. Asiende peke yake. Aweke ujumbe wa simu, asiufute, na amtafute mtu mkubwa anayemwamini: mkuu wa kitivo, mwalimu mwanamke, mshauri wa wanafunzi, ao ofisi ya Sekretere Mkuu wa Masomo. Akiona mlango mmoja umefungwa, agonge mwingine.

Na kama amelazimishwa kwa nguvu, afike hospitali mbele ya saa 72 kwisha. Mbele ya saa hizo kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na dawa ya kuzuia mimba, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Asifue nguo alizovaa. Hata kama saa zimepita, aende tu, kwa maana kuna magonjwa mengine ya kutibu na kuna maneno ya kusikilizwa. Mambo ya polisi yatafuata, akitaka. Lakini ili aje kwako, lazima awe amesikia toka kinywa chako, mbele ya safari, kwamba hutamfukuza. Vilevile kwa mimba. Wasichana wengi wanakunywa dawa za hatari kwa sababu wanaogopa mama kuliko kifo.

Na roho nayo inagonjwa. Mtoto aliyekuwa anapiga simu kila juma ananyamaza. Halali, hali, anasema masomo hayana maana. Usimjibu kwamba ni uvivu ao kwamba ametupiwa uchawi. Muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ukisikia ndiyo, asiachwe peke yake usiku ule, na mtu wa karibu ampeleke kwa munganga. Padiri ao pasta wa wanafunzi anaweza pia kukaa naye na kumsikiliza.

Mlete hapa mbele ya kusafiri. Tutampima damu, tutaandika kwenye fishi kundi lake la damu, kama ana SS ao hana, na dawa zinazomdhuru. Fishi moja aende nayo, ingine ikae kwako pamoja na namba ya simu ya mwenzake wa chumba. Lakini mlete siku ya kliniki, asubuhi. Wengine wanatufikia wakati pirogi imekwisha kupakizwa na watu wanapiga kelele pale bandarini, na hapo hatuwezi kupima chochote.