Ramani ya Mawe ya Milima

Sisi tukaao Mabibo twakanyaga mchanga. Lakini msafiri aendaye Morogoro huiona milima ya Uluguru, yenye mawe magumu. Mawe hayo yalipikwa chini sana ya nchi, yapata miaka milioni 640 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana, na matabaka yake yakakunjwa kama mkeka. Mpima mawe hutwaa dira na kipimo cha mwinamo, akaandika kila tabaka laelekea upande gani na limeinama kiasi gani. Tabaka likikatika ghafula, kisha likaonekana tena kando, hapo pana ufa. Basi, wazee na walimu, apitapo mashambani msimdhanie mnyang'anyi wa ardhi: katika mawe magumu maji hukaa nyufani, na ramani yake hutuonyesha pa kuchimba kisima.