Haijibu au Haijajibu? Istilahi za Kufunga Programu Iliyokwama katika Kompyuta ya Mezani

Utangulizi

Kiswahili kinazidi kupewa nafasi katika shughuli rasmi za nchi za Afrika Mashariki. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi za ofisi hufanyika kwenye kompyuta, miongozo ya watumiaji inayoandaliwa kwa Kiswahili haina budi kuwa sahihi, hasa katika jambo linaloweza kupoteza kazi ya siku nzima: kufunga programu iliyoacha kujibu. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta inavyoitambua hali hiyo, njia za kuikabili na istilahi inayofaa kila njia. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina nyenzo za kisarufi na kimsamiati za kumwonyesha mtumiaji tofauti ambazo tafsiri ya neno kwa neno huzifunika.

Maana ya kutojibu

Katika mfumo wa Windows, mtumiaji anapobofya kipanya au kubonyeza kitufe, tendo hilo hugeuzwa kuwa ujumbe unaowekwa kwenye foleni ya programu husika. Programu inayofanya kazi vizuri huuchukua ujumbe mmoja baada ya mwingine. Dirisha lake lisipoikagua foleni hiyo kwa sekunde 5, mfumo huihesabu programu kuwa haijibu, na tangazo hilo huongezwa kwenye kichwa cha dirisha.

Chanzo chaweza kuwa cha namna mbili. Huenda programu inatekeleza kazi nzito, kama vile kufungua jedwali kubwa au kusubiri faili kutoka kwenye mtandao wenye kasi ndogo. Huenda pia imenaswa katika mzunguko usio na kikomo, au sehemu zake mbili zinasubiriana bila mojawapo kuendelea. Katika hali ya kwanza subira huiokoa kazi. Katika hali ya pili haisaidii. Tangazo lenyewe halizitofautishi hali hizo. Linachothibitisha ni kwamba muda uliowekwa umepita bila jibu.

Hapa ndipo sarufi inapokuwa na uzito. Kauli "haijibu" hukanusha kwa jumla, na msomaji huweza kudhani kuwa programu haitajibu tena. Kauli "imekwama" na "imeganda", ambazo zimezoeleka katika mazungumzo, hutumia kiambishi -me- kinachoashiria hali iliyokwisha kutimia. "Haijajibu", kwa upande wake, hutumia -ja-, kiambishi cha tendo ambalo bado halijatokea lakini laweza kutokea. Hiyo ndiyo kauli inayolingana na kile ambacho mfumo unakijua, nayo humwalika mtumiaji asubiri kabla ya kuchukua hatua.

Njia tatu na majina yake

Njia ya kwanza ni ombi. Alama ya kufunga iliyo kwenye kona ya dirisha, au vitufe Alt na F4, huipelekea programu ujumbe wa kuitaka ijifunge. Ikiupokea, huweza kumuuliza mtumiaji kama anataka kuhifadhi kazi yake. Njia hii ndiyo inayostahili kuitwa "kufunga".

Njia ya pili ni shuruti. Katika Windows, vitufe Ctrl, Shift na Esc hufungua kidhibiti kazi, ambamo programu huchaguliwa na kuondolewa. Katika macOS hutumika Option, Command na Esc. Linux huuweka wazi mpaka kati ya njia hizi mbili: ishara namba 15 huiomba programu imalize, nayo huweza kujipanga kwanza, ilhali ishara namba 9 haiwezi kuzuiliwa. Programu inayoondolewa kwa shuruti haipewi nafasi ya kuhifadhi chochote. Kauli "kufunga kwa nguvu" huificha hasara hiyo, kwa kuwa bado inazungumzia kufunga. "Kukatiza" inafaa zaidi: anayekatizwa hamalizi alichokuwa akikisema.

Njia ya tatu ni kushikilia kitufe cha kuwashia hadi kompyuta izimike. "Kuzima" kwa namna hii hukatiza programu zote, zikiwemo zisizo na tatizo, na faili iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika.

Mapendekezo

Mwongozo wowote wa ofisi ya umma uzipange hatua kwa mfuatano huu: kusubiri, kufunga, kukatiza, na kuzima pale tu hatua zilizotangulia zinaposhindikana. Kila hatua iambatane na maelezo ya kinachoweza kupotea. Aidha, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na vyombo vya kitaifa kama BAKITA, inaweza kuusanifisha mfululizo huu mapema, kabla kila nchi haijajiundia wake. Tofauti ya "kompyuta" na "tarakilishi" haimzuii mtumiaji kufanya kazi yake. Kuchanganya "kufunga" na "kukatiza" kunaweza kumfanya karani aipoteze orodha ya mishahara aliyoiandaa tangu asubuhi, ilhali maneno ya kumtahadharisha yalikuwamo katika lugha yake.