Marlen: jina la mtoto lililombeba Marx na Lenin

Mzazi anayetafuta jina la mtoto kwenye simu anaweza kukutana na Marlen, jina la kiume la Kirusi ambalo siku hizi hata Warusi hawalitumii sana. Kurasa za majina hupenda kubashiri tabia ya mtoto, wakati mwingine hata magonjwa yake. Mimi naandika habari za afya, na sijawahi kuona kipimo kinachosoma presha ya mtu kwenye cheti cha kuzaliwa.

Asili ya Marlen haihitaji ubashiri. "Mar" ni Marx, "Len" ni Lenin. Usilichanganye na Marlene, jina la kike la Kijerumani linalounganisha Maria na Magdalena.

Kabla ya mapinduzi ya 1917, familia ya Kirusi ya dhehebu la Orthodox ilimpa mtoto jina la mtakatifu, na kanisa ndilo lililoandika kwenye daftari lake la ubatizo. Wabolshevik waliuhamishia usajili serikalini. Wazazi walioiamini dunia mpya wakaanza kujitungia majina. Vladlen ni Vladimir Lenin. Ninel, la msichana, ni Lenin likisomwa kinyumenyume. Melor linakusanya Marx, Engels, Lenin na Mapinduzi ya Oktoba, mzigo mzito kwa kichanga cha kilo tatu!

Kwa Warusi jina haliishii kwa mwenye nalo. Mtoto wa kiume wa Marlen huitwa pia Marlenovich, na binti Marlenovna. Lenin mwenyewe aliitwa Ilyich kwa sababu baba yake alikuwa Ilya. Kwa hiyo chaguo la mwaka mmoja linawafikia wajukuu, siasa ziwe zimebadilika au la.

Marlen anayejulikana zaidi ni mwongozaji filamu Marlen Khutsiev, aliyezaliwa Tbilisi, Georgia, mwaka 1925, wakati Lenin ana mwaka mmoja na ushee kaburini. Baba yake alikuwa mkomunisti wa dhati. Hilo halikumwokoa: aliangamia katika msako wa Stalin wa mwaka 1937. Mwanawe, ambaye hata utu uzima alikuwa hajaukaribia, akabaki na jina lenye imani ya baba, katika nchi iliyommaliza baba huyo kwa jina la imani hiyohiyo.

Alipokua alitengeneza filamu aliyoiita Lango la Ilyich. Ndani yake kijana wa miaka 23 anatokewa na baba yake aliyekufa katika Vita Kuu ya Pili, anamwomba ushauri wa namna ya kuishi. Baba anamuuliza umri wake. Akishajibiwa, anasema yeye ana miaka 21, kisha anaondoka.

Machi 1963, kiongozi wa nchi, Nikita Khrushchev, aliishambulia hadharani. Alihoji inawezekanaje baba akose neno la kumwambia mwanawe. Nadhani hakuielewa, baba yule alikufa akiwa mdogo kuliko mtoto aliyesimama mbele yake.

Filamu ilikatwa, ikafanyiwa marekebisho na kutolewa mwaka 1965 kwa jina jingine, Nina Miaka Ishirini. Ilyich alikuwa ameondolewa. Marlen alibaki na jina lake hadi alipofariki Moscow mwaka 2019, akiwa na miaka 93.