Dawa ya Kutu na Kimo cha Ngano

Tangu aina ya kutu ya shina (ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu) inayojulikana kama Ug99 igunduliwe Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ionekane Kenya miaka michache baadaye, wakulima wa ngano wa Njoro, Molo na Mau Narok wamekuwa wakitegemea nguzo mbili: mbegu zenye kinga, ambazo kituo cha utafiti cha KALRO cha Njoro huzipima kwa niaba ya nchi nyingi duniani, na dawa za kuua kuvu. Dawa zinazotumika sana ni za jamii ya triazoli, kama tebukonazoli na propikonazoli, na majaribio ya Ruth Wanyera na wenzake wa kituo hicho, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalithibitisha kwamba dawa za kunyunyizia majani huipunguza kutu hiyo. Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kwamba dawa hizo zinaweza kuugusa mmea wenyewe pia, tena mahali hasa panapoamuliwa urefu wake.

Ili kulielewa hilo, inafaa kuanza na kuvu. Utando unaozunguka kila seli ya kuvu hujengwa kwa mafuta maalumu yaitwayo ergosteroli, na ili kuyatengeneza kuvu hutumia kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemikali ndani ya seli, kilicho na chembe ya madini ya chuma katikati yake. Molekuli ya triazoli ina naitrojeni inayoikamata chembe hiyo ya chuma na kukizuia kimeng'enya kisifanye kazi, hivyo utando huharibika na kuvu hushindwa kukua. Kimeng'enya hicho ni cha ukoo mkubwa uitwao saitokromu P450, ambao wanasayansi wameukuta karibu katika kila aina ya viumbe, ikiwemo mimea, na hapo ndipo penye tatizo.

Mimea nayo hutengeneza steroidi, na baadhi yake ni homoni zinazoitwa brasinosteroidi, ambazo huziamuru seli za shina na majani kurefuka. Homoni hizi zimo kwa kiasi kidogo mno: watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, waliotangaza muundo wa ile ya kwanza mwaka 1979, walihitaji takribani kilo 227 za chavua ya mmea wa rapa, iliyokusanywa na nyuki, ili kupata miligramu 4 tu za homoni safi. Hatua kadhaa za kuitengeneza huendeshwa na vimeng'enya vya ukoo uleule wa P450, kwa hiyo triazoli iliyokusudiwa kuvu inaweza kuvikamata hivyo pia.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 2012, watafiti walipoonyesha kwamba propikonazoli, dawa ya kawaida ya madukani, huzuia utengenezaji wa brasinosteroidi. Mahindi yaliyopewa dawa hiyo kwa wingi yalibaki mafupi, na mbelewele zake, ambazo kwa kawaida ni za kiume tu, zikaanza kutoa maua ya kike, kwa sababu kwa mahindi steroidi hizi huchangia pia kuamua jinsia ya ua. Baadhi ya triazoli huzuia vilevile homoni nyingine ya kurefusha shina, jiberelini, ambayo si steroidi; paklobutrazoli huuzwa kwa kazi hiyo hasa, na Ulaya baadhi ya dawa za kuvu hunyunyiziwa rapa ili shina lisirefuke likalala. Ufupi wenyewe, basi, si hasara kila mara.

Hasara hutegemea kiasi cha dawa na mahali inapoingilia. Triazoli husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo ile inayonyunyiziwa jani la ngano iliyokwisha kurefuka huelekea ncha ya jani hilo na huathiri kimo kidogo tu, mradi kiasi kilichoandikwa kwenye lebo kifuatwe. Mbegu iliyopakwa dawa ni habari nyingine. Chipukizi la ngano hupenya udongo likiwa ndani ya ala nyembamba, na baadhi ya triazoli huifupisha ala hiyo. Mbegu ikifukiwa kwa kina kirefu, ala huishia chini ya udongo, jani la kwanza hufunguka gizani na kujikunja, na mche hufa kabla ya kuona jua. Mkulima hulaumu mbegu au mvua, kumbe kosa ni kina cha kupandia.

Katika mashamba ya waridi ya Naivasha, ambako urefu wa shina huamua bei, kupitisha kiasi cha triazoli katika kupambana na ubwiri unga ni kuhatarisha kile kile kinachouzwa. Kwa viazi vya Molo na Kuresoi hali ni mbaya zaidi, kwa maana ugonjwa unaochoma majani msimu wa mvua na baridi husababishwa na Phytophthora, ambayo si kuvu halisi na haijitengenezei ergosteroli; anayeinyunyizia triazoli pekee haigusi, ila hugusa kiazi chenyewe na kupoteza fedha zake.

Kampuni zinazouza mbegu zilizopakwa dawa zinapaswa kuandika kwenye mfuko, kwa Kiswahili na kwa sentimita, kina kisichofaa kupitwa, na mkulima asiyekiona kimeandikwa na akidai dukani kabla ya kulipa.